Taa za miale: Zinapamba jukwaa, lakini haziangazi uso wa msanii

Na Mwandishi Wetu, Vigwaza

MALORI yanayotoka Dar es Salaam kuelekea Morogoro, Dodoma, Mbeya na mikoa ya Kanda ya Ziwa hupita katika mizani ya Vigwaza, kata iliyo katika Halmashauri ya Chalinze, Wilaya ya Bagamoyo. Kila gari la mizigo lenye uzito unaozidi tani 3.5 hupaswa kupimwa. Katikati ya shehena za saruji, mbolea na mafuta, msimu wa matamasha huleta pia malori yaliyosheheni masanduku meusi yenye magurudumu. Ndani ya masanduku hayo mna spika, vyuma vya jukwaa na taa ambazo watazamaji wa luninga wanazifahamu vyema kwa sura, ingawa ni wachache wanaozijua kwa jina.

Ni zile taa zinazorusha mihimili myembamba ya mwanga, myeupe, ya buluu au myekundu, inayopanda angani, ikakutana, ikatawanyika na kuanguka kwa wakati mmoja na mdundo wa ngoma. Mafundi wa majukwaa huziita "muving hedi" kwa kuwa vichwa vyake hugeuka vyenyewe, na zile za mwanga mwembamba huziita "bimu". Katika makala haya tutaziita taa za miale.

Hakuna onyesho kubwa la muziki linalorekodiwa kwa ajili ya luninga siku hizi ambalo halina taa hizo. Hata hivyo, zipo maonyesho ambayo waliokuwapo uwanjani waliondoka wakisifu, ilhali waliobaki nyumbani waliona giza, mistari ya mwanga na kivuli cha mtu kinachoimba. Sababu yake si kamera mbovu wala king'amuzi. Mara nyingi ni kwamba taa za miale zimepewa kazi ambayo hazikuundwa kuifanya.

Zilikotoka

Kabla ya muongo wa 1980, taa ya jukwaani ilikuwa ni kitu kilichofungwa mahali pamoja. Ukitaka rangi nne katika pembe moja ya jukwaa, ulifunga taa nne, kila moja na karatasi yake ya rangi. Bendi kubwa za Ulaya na Marekani zilisafiri na mamia ya taa za aina hiyo, nyingi zikila wati 1,000 kila moja.

Mabadiliko yalitoka Dallas, katika jimbo la Texas, kwenye kampuni iliyoitwa Showco. Wahandisi wake walianza kwa kutafuta taa inayoweza kubadili rangi bila mtu kupanda ngazi, kisha wakaona kwamba kama tayari wanaweka mota ndani, basi mota nyingine mbili zingeweza kuigeuza taa yenyewe kulia na kushoto, juu na chini. Kundi la Genesis la Uingereza lilikubali kugharimia wazo hilo, na Septemba 25, 1981, mjini Barcelona, Hispania, taa hizo zilizopewa jina la Vari-Lite zilitumika hadharani kwa mara ya kwanza.

Wakati huo Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja cha luninga. Zanzibar ilikuwa na Televisheni ya Zanzibar tangu mwaka 1974, tena ya rangi, jambo lililokuwa adimu barani Afrika. Bara ilisubiri hadi mwaka 1994, vituo binafsi vilipoanza kurusha matangazo, na kituo cha taifa, TVT, ambacho baadaye kilikuwa TBC, kilianza mwaka 2000. Kwa hiyo wasanii wetu wa taarabu na muziki wa dansi walirekodiwa kwa miaka mingi chini ya taa za kawaida za studio, ambazo zilikuwa na sifa moja isiyopaswa kudharauliwa: uso wa mwimbaji ulionekana.

Taa za miale kama tunavyozijua sasa ni changa zaidi kuliko Vari-Lite. Kampuni ya Clay Paky ya Italia ilitoa taa iitwayo Sharpy mwaka 2010. Ilikuwa na uzito wa kilo 16 tu na balbu ya wati 189, lakini mwanga wake ulikuwa mkali kuliko wa taa zilizokula umeme mara kadhaa zaidi. Viwanda vya China, hususan vya Guangzhou, havikuchelewa kutoa taa za mfano huo kwa bei ya chini, na hizo ndizo zilizoenea kwa wakodishaji wengi wa vifaa vya jukwaa katika nchi zinazoendelea, zikijulikana kwa wati za balbu zake, 200 au 230.

Kichwa, mkono na kitako

Taa hii ina sehemu tatu. Kitako hubeba vifaa vya umeme na ndicho kinachofungwa kwenye fremu ya alumini au kukaa sakafuni. Juu yake kuna mkono wenye umbo la uma, unaozunguka kulia na kushoto hadi nyuzi 540, yaani mzunguko mmoja na nusu. Kati ya meno ya uma huo hukaa kichwa, ambacho huinama na kuinuka kwa takriban nyuzi 250. Ndani ya kichwa ndimo yalimo mambo yenyewe.

Balbu yake haina uzi unaowaka kama balbu ya nyumbani. Ina ncha mbili za chuma zilizo karibu sana, na umeme huruka kati yake ndani ya mvuke wa zebaki wenye shinikizo kubwa. Ufupi wa cheche hiyo ndio siri ya mwale. Mwanga unaotoka mahali padogo sana ni rahisi kukusanywa na kioo cha kuakisi, kisha lenzi kubwa ya mbele huunyoosha mpaka miali yote iende karibu sambamba. Mbele ya balbu kuna magurudumu madogo: moja lina vioo vya rangi, jingine lina vibati vilivyotobolewa michoro. Kuna pia prizimu, kioo chenye nyuso nyingi, ambacho kikishushwa hugawa mwale mmoja kuwa minane au zaidi.

Hesabu kidogo itasaidia. Taa ya Sharpy hutawanya mwanga kwa pembe ya nyuzi 3.8 tu. Kwa umbali wa mita 20, doa lake lina upana wa mita 1.3 hivi. Taa ya kumwaga mwanga yenye pembe ya nyuzi 25, kwa umbali uleule, hufunika upana wa karibu mita 9. Hii ni kusema kwamba mwanga ambao taa moja huusambaza jukwaa zima, nyingine huubana katika eneo dogo mara 40 na zaidi. Ndiyo maana mtengenezaji wa Sharpy alitangaza ukali wa karibu luksi 60,000 kwa umbali wa mita 20, ilhali jua kali la adhuhuri hutoa luksi 100,000 hivi.

Wapo wanaozidhani taa hizi kuwa leza. Si leza, ingawa mwonekano wake hewani unafanana. Tofauti hiyo ni muhimu kwa mwenye kamera, kwa sababu leza ikiingia moja kwa moja kwenye lenzi inaweza kuunguza kabisa kitambuzi cha picha. Taa ya miale huishia zaidi kulijaza lenzi mng'ao na kuiondoa picha kwa muda.

Amri zinavyofika

Taa 24 hazigeuki pamoja kwa bahati. Zimeunganishwa kwa waya mmoja unaotoka taa hadi taa, na chanzo chake ni meza ya kuongozea taa iliyo mbele ya jukwaa. Lugha inayopita kwenye waya huo inaitwa DMX512, kanuni iliyoanzishwa Marekani mwaka 1986 ili vifaa vya viwanda mbalimbali vielewane. Tarakimu 512 ni idadi ya njia za amri zinazobebwa na waya mmoja, na kila njia hubeba namba kuanzia 0 hadi 255. Orodha nzima hupelekwa upya takriban mara 44 kwa sekunde.

Taa ya miale inayotumia njia 16 huhitaji njia moja kwa rangi, nyingine kwa michoro, nyingine kwa kufungua na kufunga mwanga, na kadhalika. Ya kwanza hupewa anwani namba 1, ya pili namba 17, ya tatu namba 33. Gawanya 512 kwa 16 utapata 32, ambayo ndiyo idadi ya juu ya taa hizo kwa waya mmoja. Fundi akikosea anwani moja, taa mbili zitafanya kitu kilekile siku nzima na hakuna atakayejua kwa nini.

Kwa nini mwendo wa kugeuka hupewa njia mbili badala ya moja? Ukigawa nyuzi 540 kwa hatua 255, kila hatua ni zaidi ya nyuzi mbili, na nyuzi mbili kwa umbali wa mita 20 ni kama robo tatu ya mita. Mwale ungeruka-ruka kama sindano ya saa ya ukutani. Njia mbili zikiunganishwa hutoa hatua zaidi ya 65,000, na hapo mwale huteleza. Kwenye luninga, ambako kamera huweza kuvuta karibu na kufuata mwale mmoja peke yake, mruko huo huonekana wazi kuliko uwanjani.

Ukungu na upepo wa pwani

Mwanga hauonekani ukipita katika hewa safi. Tunachokiona si mwale bali ni chembe zilizomo hewani zikiangazwa nao. Bila ukungu, taa 24 za miale ni madoa 24 yanayotua ukutani, na kama ukuta haupo, basi ni vichwa 24 vinavyotikisika bila faida.

Ukungu huo hutengenezwa kwa mashine. Inayofaa kwa luninga ni ile inayotoa chembe ndogo sana, zilizosambaa sawasawa kiasi kwamba mtu akiwa jukwaani hahisi kama yumo ndani ya moshi. Mashine ya moshi mzito, ile ya kumbi za disko, hutoa mawingu; kamera ikipita juu yake, msanii hupotea sekunde chache kisha hurudi, na mwongozaji wa matangazo hana la kufanya.

Hapa ndipo pwani yetu inapotoa mtihani wake. Onyesho likifanyika Bagamoyo, Ngome Kongwe ya Zanzibar, au ufukweni kokote kule, upepo wa bahari hauombwi ruhusa. Tamasha la Bagamoyo, lililoanza mwaka 1982 chini ya Chuo cha Sanaa, kwa miaka mingi limekuwa likiangukia Septemba au Oktoba, mwishoni mwa kusi. Sauti za Busara, lililoanza Zanzibar mwaka 2004, kwa kawaida hufanyika Februari, wakati kaskazi bado inavuma. Pepo hizo mbili zinatoka pande tofauti, kwa hiyo mpango wa mashine uliofaa katika tamasha moja hauwezi kuhamishiwa katika jingine kama ulivyo.

Fundi mwenye busara hufanya kama nahodha: huweka mashine zake upande wa joshi, ule upepo utokako, ili ukungu upite juu ya jukwaa zima kabla haujaondoka upande wa demani. Huweka zaidi ya moja, na huziwasha mapema. Aidha, hukubali kwamba katika upepo mkali miale haitaonekana kabisa, na huwa na mpango wa pili unaotegemea taa za kumwaga mwanga na madoa ukutani. Kuta za mawe ya matumbawe za Ngome Kongwe, kwa mfano, hupokea michoro vizuri kuliko anga.

Jambo jingine ni mahali pa kuzifunga. Chembe za ukungu husukuma mwanga mwingi zaidi kuelekea mbele, yaani upande mwale unakoelekea, kuliko ubavuni. Ndiyo sababu taa za miale hukaa nyuma ya mwanamuziki, zikitazama upande wa hadhira na kamera, lakini zikipita juu ya vichwa vyao. Zikifungwa mbele zikielekea nyuma, umeme utatumika uleule na miale itaonekana hafifu.

Kamera haioni kama jicho

Jicho la mwanadamu hujirekebisha. Linaweza kutazama mwale mkali na, papo hapo, kutambua tabasamu la mtu aliyesimama kando yake gizani. Kamera hubeba tofauti ndogo zaidi ya mwanga na giza kwa wakati mmoja. Ikifungua mboni yake ili ipate uso, miale hugeuka kuwa michirizi myeupe isiyo na rangi. Ikibana mboni ili miale ipendeze, uso huzama.

Kwa wasanii wetu suala hili ni zito kuliko kwa waliotengenezewa vifaa hivi mwanzoni. Ngozi nyeusi hurudisha mwanga kidogo kuliko ngozi nyeupe, na historia ya upigaji picha haikuwahi kuitendea haki. Kuanzia muongo wa 1950, maabara za picha zilipanga rangi kwa kutumia kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mweupe, zilizojulikana kama kadi za Shirley; kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali za ngozi zilikuja kutolewa muongo wa 1990. Kamera za leo ni bora zaidi, lakini kanuni ya mwanga haijabadilika. Mwimbaji mweusi aliyevaa nguo nyeupe, nyuma yake miale 24, mbele yake hakuna taa ya maana: hapo luninga itaonyesha nguo inayoimba.

Kwa hiyo taa ya kwanza kupangwa katika onyesho la luninga si ya miale. Ni taa ya mbele, laini na tulivu, inayotoka juu kidogo ya usawa wa macho na kubaki na kiwango kilekile wimbo mzima. Ya pili hutoka nyuma ya bega ili kumtenganisha msanii na giza. Miale huja baadaye, na ukali wake hupunguzwa mpaka picha ikae sawa kwenye skrini. Ni kawaida katika luninga kuendesha taa za miale chini ya nguvu yake kamili, jambo ambalo huwaudhi wakodishaji wanaotaka mzigo wao uonekane. Kwa maoni ya mwandishi huyu, taa 12 zilizopangwa vyema na kamera ni bora kuliko 40 zilizofungwa ili kuhesabiwa.

Rangi nayo ina mgogoro wake. Balbu za cheche hutoa mwanga wenye ubuluu, kama kelvini 8,000, ilhali taa za studio za mtindo wa zamani ni kelvini 3,200, ambazo ni za manjano. Kamera iliyopangwa kwa taa za studio itaona mwale mweupe kuwa wa buluu. Ama vioo vya kurekebisha rangi vitumike, ama taa za mbele ziwe za kiwango kinachokaribiana na miale. Kuna pia taa za bei nafuu zinazotumia diodi, ambazo hupunguza mwanga kwa kujiwasha na kujizima kwa kasi. Jicho halioni, lakini kamera inayochukua picha 25 au 50 kwa sekunde huweza kuona mistari myeusi ikitambaa juu ya picha. Dawa ni kuijaribu kila taa mbele ya kamera itakayotumika, ikiwa na mwanga nusu, kabla ya siku yenyewe.

Tangu mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam Desemba 31, 2012, liko tatizo jingine ambalo watayarishaji wengi hawalitaji. Matangazo ya dijitali hubanwa: badala ya kupeleka kila picha nzima, mtambo hupeleka zaidi yale yaliyobadilika kutoka picha iliyotangulia. Mtangazaji wa habari aliyeketi habadiliki sana. Ukungu unaotembea, miale 24 inayozunguka na mwanga unaomweka, vyote kwa pamoja, hubadilisha karibu kila nukta ya skrini kila mara. Mtambo ukizidiwa, mtazamaji mwenye king'amuzi huona picha ikivunjika vipande vya mraba, na anayetazama kwa simu huona mabaya zaidi. Onyesho ambalo miale yake husimama katika beti na kucheza katika kiitikio hupita salama kuliko lile linalozunguka mwanzo hadi mwisho.

Mmweko wa haraka una hatari iliyo kubwa kuliko picha mbaya. Desemba 16, 1997, nchini Japani, katuni ya Pokémon ilionyesha mimweko ya haraka ya rangi nyekundu na buluu, na watu zaidi ya 600, wengi wao watoto, walipelekwa hospitalini, baadhi wakiwa na degedege. Miongozo ya utangazaji iliyofuata katika nchi kadhaa inataka mmweko unaojaza sehemu kubwa ya skrini usizidi mara tatu kwa sekunde. Mtu aliye ukumbini anaweza kufumba macho au kutoka nje. Mtoto aliyekaa mita moja kutoka kwenye luninga hajui kama anapaswa kufanya hivyo.

Kwa sababu hizo zote, mwendesha taa wa onyesho la luninga anatakiwa awe na skrini ndogo mezani pake inayomwonyesha picha ile ile inayokwenda hewani, na atazame hiyo zaidi kuliko jukwaa. Vituo na waandaaji wakubwa waliokuja Afrika Mashariki, kuanzia tuzo za muziki za MTV zilizofanyika Nairobi Oktoba 2009 hadi tuzo za Trace zilizofanyika Zanzibar Februari 2025, huandaa hadhira mbili kwa pamoja: iliyoketi pale na iliyo mbali. Ile ya mbali ndiyo kubwa zaidi.

Umeme, moto na makuti

Taa moja ya aina ya Sharpy hula wati 350 hivi kwa jumla. Taa 24 ni wati 8,400, sawa na ampia zaidi ya 36 kwa umeme wa volti 230. Kiasi hicho hakitoki kwenye soketi moja ya ukutani, na hapo hatujahesabu spika, taa za mbele, mashine za ukungu na gari la matangazo. Mzigo hugawanywa katika fezi tatu, na jenereta huwa tayari.

Lakini kuwa na jenereta hakutoshi. Balbu ya cheche ikizimika ghafla ikiwa moto, aghalabu haikubali kuwaka tena hadi ipoe, na hata umeme ukirudi mara moja, taa huanza kwa kujizungusha huku na huko ikitafuta mahali pake pa mwanzo. Kukatika kwa umeme kwa sekunde mbili katika tangazo la moja kwa moja kunaweza kugharimu wimbo mzima. Waandaaji makini huliendesha jukwaa kwa jenereta tangu mwanzo, na umeme wa TANESCO huwa akiba.

Hatari ya moto haina budi kutajwa kwa msisitizo hapa pwani. Mwanga uliobanwa kiasi hicho ni joto lililobanwa pia. Taa hizi huja na maelekezo ya umbali wa chini kati yake na kitu chochote kinachoweza kuwaka, na kwa baadhi umbali huo ni zaidi ya mita 10. Kumbi nyingi za hoteli za ufukweni na migahawa kati ya Dar es Salaam na Bagamoyo zimeezekwa makuti. Taa ya miale iliyoachwa ikielekea paa la namna hiyo wakati wa mazoezi, fundi akiwa amekwenda kula, ni kiberiti kilichowashwa. Ukumbi wa maonyesho wa Chuo cha Sanaa Bagamoyo uliteketea mwaka 2002. Moto huo haukuhusiana na taa hizi ndogo za miale, ambazo zilikuwa bado hazijatengenezwa, lakini wanaoukumbuka wanajua jengo la sanaa huondoka kwa kasi gani. Ukumbi mwingine ulijengwa, na chuo kikawa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa, mwaka 2007, ambako ufundi wa jukwaa ni miongoni mwa taaluma zilizofundishwa.

Vilevile, miale haielekezwi angani karibu na njia za ndege bila mamlaka za anga kufahamishwa, kwani rubani anayetua anaweza kupofuliwa kwa sekunde anazozihitaji zaidi. Na kila taa iliyo juu ya vichwa vya watu hufungwa kwa vibano viwili na waya wa chuma wa usalama unaopita kwenye kitako. Kilo 16 zinazoanguka kutoka mita sita haziulizi nani ni msanii.

Chumvi na barabara

Adui wa polepole wa taa hizi ni hewa yenyewe. Ndani ya kichwa mna feni zinazovuta hewa ili kupoza balbu, na hewa ya Bagamoyo ina chumvi na unyevu. Chumvi hula viunganisho vya umeme, hukwamisha magurudumu ya rangi na huacha utando kwenye lenzi. Taa ya kawaida ina kinga ya kiwango cha IP20, yaani haina kinga yoyote dhidi ya maji. Zipo za IP65, ambazo vumbi haliingii na maji yanayorushwa kwa bomba hayaidhuru. Ni nzito na ghali zaidi, lakini anayefanya kazi ufukweni mwaka mzima atajikuta ameokoa fedha. Aliye na zile za kawaida hana budi kuzifuta kila baada ya onyesho na kuzifungua kwa usafi mara kwa mara.

Barabara ina sehemu yake. Taa 24 ni kilo 384 kabla ya kuhesabu masanduku, fremu na nyaya, uzito ambao si tatizo kwa lori lenyewe. Tatizo ni namna unavyokaa. Matuta na mashimo hutikisa kioo cha kuakisi mpaka balbu inahama milimita moja au mbili, na milimita hizo zinatosha kuufanya mwale uwe na doa jeusi katikati. Taa nyingi zina vifungio vya kuzuia kichwa na mkono visizunguke safarini. Vikisahaulika wazi, kichwa hupigwa huku na huko njia nzima; vikisahaulika vimefungwa wakati wa kuwasha, mota hushindana na kifungio.

Onyesho likiisha, taa hazichomolewi papo hapo. Balbu huzimwa kwa amri kutoka mezani, feni huachwa zikizunguka kwa dakika kama 10 hadi kichwa kipoe, ndipo umeme hukatwa. Kisha lenzi hufutwa kwa kitambaa kikavu, vifungio vya safari hufungwa, na kila taa huingizwa katika sanduku lake ikiwa imesimama.